Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa thieta, siku ya mgongo

Saa 12:00 asubuhi. Niko thieta mapema, kwa sababu upasuaji wa mgongo una trei nyingi za vifaa na nataka kuzikagua zote kwa macho yangu.

Saa 1:15. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Ana miaka 56, amebeba ndoo za samaki kichwani tangu usichana, hapa Dar es Salaam. Pingili yake ya nne ya kiuno imeteleza mbele juu ya ya tano na kubana mishipa ya fahamu. Akitembea kidogo mguu wa kulia unawaka moto mpaka akae chini. Dawa na mazoezi ya viungo ameshamaliza. "Watanipasua mgongo mzima?" Namwonyesha kwa kidole: hapa na hapa, matundu madogo, kila moja kama sentimita tatu. Anashusha pumzi. "Ila ndani kazi ni kubwa, mama."

Saa 2:30. Usingizi umeshika, tunamgeuza kifudifudi. Hapa sikubali kuharakishwa. Tumbo lazima lining'inie huru katikati ya mito. Likibanwa, vena zinazozunguka mishipa ya fahamu zinajaa, na daktari atahangaika na damu. Napitisha kiganja chini ya tumbo lake. Kinapita. Naangalia macho, viwiko, magoti.

Saa 3:00. Tunathibitisha kwa sauti: jina, aina ya upasuaji, pingili ipi. Tunavaa aproni zenye madini ya risasi, za kuzuia mionzi, eksirei inapigwa na pingili zinahesabiwa, maana kwa kutazama ngozi tu huwezi kujua ya nne ni ipi.

Kisha mirija ya kufungua njia katikati ya msuli. Wa kwanza mwembamba kama penseli, juu yake unavikwa mnene kidogo, na mwingine, mpaka wa mwisho wenye upana wa kama milimita 22. Msuli unaachana nyuzi kwa nyuzi badala ya kubanduliwa kwenye mfupa, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Kupitia tundu hilo daktari anaondoa kiungo cha nyuma kinachounganisha pingili hizo mbili, kisha diski, ule mto ulio kati yake. Vipande vya mfupa ananipa mimi. Navisafisha nyama yote na kuvikatakata vidogo kwenye bakuli la chuma. Sipotezi hata chembe, kwani ndivyo vitakavyojazwa mahali pa diski ili pingili mbili ziote kuwa mfupa mmoja.

Skrubu nne za kushikilia pingili zinafuata, kila moja ikipita juu ya waya mwembamba. Waya siuondolei macho. Ukisukumwa mbele, huko kuna mishipa mikubwa ya damu. Mwisho fito mbili za titani za kuunganisha skrubu.

Saa 7:10 mchana. Tunahesabu: vitambaa vya gozi vimetimia, sindano zimetimia. Tunashona.

Saa 8:00. "Mama, chezesha vidole vya miguu." Vyote vinacheza.

Saa 9:30. Binti yake anaona plasta ndogo na kuuliza kama wiki ijayo mama atarudi sokoni. Namkalisha kwenye benchi. Skrubu zinashikilia tu. Mfupa wenyewe huchukua miezi kushikana, wakati mwingine mwaka. Atembee kila siku, lakini asiiname wala kubeba mzigo. "Hata ndoo ya maji?" Hata ndoo ya maji. Namwambia mara mbili, kwa sababu kidonda kidogo kinadanganya.

Saa 11:00 jioni. Napita wodini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemsimamisha, ameshika fremu, anapiga hatua ya nne. "Mwanangu, mguu hauwaki. Ila kidonda kinauma." Namwita sista wa zamu amwongezee dawa, nasubiri mpaka alale, ndipo nafuata basi la mwendokasi.