Fremu ya chuma kwa mkono: tupa kwanza, moto baadaye

Anayejiandikisha kozi ya kutengeneza fremu ya baiskeli mara nyingi huja akiwa na hamu ya kushika tochi ya gesi. Avute subira. Siku za mwanzo ni za rula, jiliwa na tupa, na hapo ndipo fremu hunyooka au hupinda.

Chora fremu nzima kwa ukubwa wake halisi. Kwa baiskeli ya kawaida ya barabarani, bomba la usukani hulala kwa nyuzi 72 au 73, na mhimili wa pedeli hukaa kama milimita 70 chini ya mstari unaounganisha eksel mbili za magurudumu. Upana wa tairi uamuliwe mapema, maana mabomba ya nyuma yakishashikana hayatanuki.

Vipenyo vinavyotumika sana kwa kromoli, yaani chuma chenye kromiamu na molibdeni, ni milimita 28.6 kwa bomba la juu na la siti, na 31.8 kwa bomba la chini. Mabomba mazuri huwa mazito mwishoni na membamba katikati, kwa mfano ukuta wa milimita 0.8 kisha 0.5. Ukikata sana upande mmoja, kiungo kitaangukia kwenye ukuta mwembamba, na hapo ndipo ufa utakapoanzia siku za usoni. Bomba la siti lina sehemu nzito upande mmoja tu, nayo huenda chini, kwenye pedeli.

Sasa mdomo wa bomba, yaani ule mkato wa mviringo unaolalia bomba jingine. Zungushia kiolezo cha karatasi, kata kwa msumeno ukibakiza milimita moja au mbili, kisha malizia kwa tupa ya nusu duara. Kabla ya yote, laza bomba ndani ya chuma chenye umbo la L na uchore mstari mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Mstari huo ndio utakaokuonyesha kama midomo miwili imelingana. Ikipishana kidogo tu, bomba la siti na la usukani hayatalala kwenye bapa moja, na hakuna moto utakaorekebisha hilo.

Shikisha kiungo mbele ya taa. Mwanga ukipenya, rudi kwenye tupa. Shaba ya njano, inayoyeyushwa kuunganisha mabomba, hunywea inapopoa na kuvuta bomba kuelekea pengo. Kila pengo ulilolisamehe litakudai baadaye kwa kupindisha pembe.

Kabla ya kuwasha tochi, kagua lile bomba fupi la pedeli, lenye upana wa milimita 68 na nyuzi za skrubu ndani. Kwa mfumo wa Kiingereza, upande wa kulia, yaani wa cheni, nyuzi zake zinakwenda kinyume: kikombe kinachoshika beringi hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Kwa macho pande zote mbili zinafanana. Lichomelee kinyume na fremu nzima imekwenda na maji. Skrubu kikombe ndani, uhakikishe, kisha uandike "kulia" kwa kalamu ya chuma.

Toboa pia matundu madogo, milimita 3 hivi, mahali mabomba yanapokutana. Hewa ya moto iliyofungiwa ndani hutafuta njia yake kupitia shaba iliyoyeyuka na kuacha vishimo.

Kwa viungo vyenye soketi, yaani vifuko vya chuma vinavyomeza ncha za mabomba, waya wa fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 650 hivi, na pengo linalofaa ni kama milimita 0.1. Kwa viungo visivyo na soketi tumia shaba ya njano, inayohitaji karibu nyuzi 900. Itazame flaksi, ile dawa inayopakwa kusafisha kiungo: ikiwa angavu na yenye majimaji, chuma kiko tayari. Ikiwa nyeusi, imeungua. Zima, safisha, anza upya. Moshi mweupe juu ya shaba ni zinki inayoruka, dalili kwamba umezidisha. Fungua madirisha, kwani flaksi ya fedha ina floraidi. Yeyusha waya kwa joto la bomba, usiuelekezee mwali wa tochi.

Shikiza kila kiungo kwa matone madogo ya waya ulioyeyuka pande zinazokabiliana, kisha pima kabla ya kumalizia. Mwishoni funga uzi mahali pa eksel ya nyuma upande mmoja, upitishe kuzunguka bomba la usukani, uurudishe upande wa pili. Umbali wa uzi hadi bomba la siti uwe sawa pande zote. Tofauti ya milimita moja inavumilika. Loweka fremu kwenye maji ya moto hadi flaksi yote itoke, kwani mabaki yake hula chuma chini ya rangi, kisha pitisha tapu, yaani chombo cha kukatia nyuzi za skrubu, kwenye nyuzi za bomba la pedeli.