Asilimia 22 ya nini?

Tarehe 7 Februari 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Afrika Kusini, Zweli Mkhize, alitangaza kusitisha kwa muda mpango wa kutoa chanjo ya Korona ya AstraZeneca. Shehena ya kwanza, dozi milioni moja kutoka kiwanda cha chanjo cha Serum Institute of India, ilikuwa imetua Johannesburg siku sita tu kabla. Utafiti ulioongozwa na Profesa Shabir Madhi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand ulikuwa umeonyesha kwamba ufanisi wa chanjo hiyo dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa wastani, wakati kirusi cha Korona kilichobadilika, aina ya Beta, kimetawala, ni kama asilimia 22. Maneno yote hayo yakaanguka njiani, ikabaki 22 peke yake. Hazikupita wiki nne, Kenya ikapokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo hiyohiyo, na swali likawa letu pia: tuchanje au tusubiri?

Namba hiyo tuipige hesabu wenyewe. Kati ya watu 750 waliochanjwa na kuhesabiwa, 19 waliugua. Kati ya 717 waliodungwa maji ya chumvi badala ya chanjo, ili kulinganisha, waliugua 23. Gawanya 19 kwa 750 upate asilimia 2.5, na 23 kwa 717 upate asilimia 3.2. Sasa gawanya ya kwanza kwa ya pili: unapata karibu 0.79, maana yake hatari ya waliochanjwa ni asilimia 79 ya hatari ya wenzao. Kilichopungua, asilimia 21, ndicho kinachoitwa ufanisi. Watafiti walipata 21.9 kwa sababu waliingiza pia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa.

Angalia udogo wa hesabu yenyewe. Wagonjwa wote ni 42. Wangehama watatu tu kutoka kundi moja kwenda jingine, jibu lingebadilika kabisa. Ndiyo maana chapisho lenyewe liliweka mipaka ya makadirio: kutoka asilimia hasi 50 hadi karibu 60. Kwa lugha nyepesi, utafiti haukuweza kutenganisha chanjo isiyosaidia kitu na chanjo inayozuia zaidi ya nusu ya maambukizi yenye dalili. Mtu anayekutajia 22 bila mipaka hiyo amekupa nusu ya habari.

Kubwa kuliko hilo ni kile ambacho hakikupimwa. Washiriki wengi walikuwa vijana wenye afya, umri wa katikati miaka 30 hivi. Hakuna hata mmoja, katika makundi yote mawili, aliyeugua sana au kulazwa kwa sababu ya Korona. Sifuri kwa sifuri haitoi ufanisi wowote. Kuhusu bibi wa miaka 70 mwenye kisukari, utafiti ule haukusema ndiyo wala hapana. Tena dozi mbili zilitolewa kwa kupishana wiki tatu hadi tano, ilhali Uingereza ilikuwa ikiachanisha hadi wiki 12, muda unaoupa mwili nafasi ya kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa kirusi, nyingi zaidi.

Kwa nini basi tungetarajia kinga dhidi ya ugonjwa mkali ibaki? Mabadiliko ya Beta kwenye nafasi za 417, 484 na 501 za protini ya miiba, ile inayochomoza juu ya kirusi, yako palepale kingamwili zinaponasa, kwa hiyo kirusi hupenya kwa urahisi zaidi puani na kooni. Seli T, askari wengine wa kinga ya mwili, hutambua vipande vingi vya protini hiyo, na vingi havikubadilika. Haziwezi kuzuia mafua ya siku tatu, lakini huwahi kuziua seli zilizoambukizwa kabla mapafu hayajaharibika. Qatar, ambako Beta ilienea pia, chanjo ya Pfizer ilizuia maambukizi ya Beta kwa asilimia 75, na ugonjwa mkali au kifo, katika kipindi ambacho Beta na aina nyingine, Alfa, zilitawala, kwa asilimia 97.

Kusitisha kwa siku chache ili kutafakari kulikuwa na haki yake. Kuziondoa kabisa dozi zile wakati wazee hawakuwa na chanjo nyingine, hapo ninakataa. Madhi mwenyewe alitaka zitumike kwa walio hatarini, na tarehe 10 Februari washauri wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza chanjo hiyo hata penye aina mpya. Afrika Kusini ilianza na Johnson & Johnson kwa wahudumu wa afya tarehe 17 Februari; dozi za AstraZeneca zikaenda nchi nyingine kupitia Umoja wa Afrika.

Kosa jingine hutokea hospitalini. Chukua mji wa watu 1,000, 900 wamechanjwa. Tuseme asiyechanjwa ana hatari ya kulazwa ya 10 katika 100, na chanjo inaipunguza kwa asilimia 80, hadi 2. Watalazwa waliochanjwa 18 na wasiochanjwa 10. Atakayehesabu vitanda tu atasema waliochanjwa ndio wengi, na hatakuwa ameongopa. Ila hakugawanya kwa ukubwa wa kila kundi. Kabla ya kusambaza takwimu kama hizo, uliza pia umri wa wagonjwa na miezi mingapi imepita tangu dozi ya mwisho, kwa kuwa wazee huchanjwa kwanza na kinga yao hupungua mapema.

Aina nyingine ya kirusi, Omikroni, ilipofika, kampuni ya bima ya Discovery Health ya Afrika Kusini ilitoa Desemba 2021 takwimu za dozi mbili za Pfizer: asilimia 33 dhidi ya maambukizi, asilimia 70 dhidi ya kulazwa. Chanjo ileile, kirusi kilekile, majuma yaleyale. Mwenye kubishana kwa 33 na mwenye kubishana kwa 70 wote wana karatasi mkononi, na wanajibu maswali mawili tofauti.