Seli Shina na ITP: Uloto Hauna Kosa

Tangu mdogo wangu aambiwe kwamba kinga ya mwili wake inaharibu chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, ugonjwa ambao madaktari huuita ITP, jamaa hawaachi kunitumia matangazo ya kliniki zinazodai kuutibu kwa sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Shangazi yetu aliuliza swali la haki: ikiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, kwa nini na huyu asipandikizwe?

Katika selimundu, uloto wenyewe ndio unaozalisha chembe nyekundu zenye kasoro ya kurithi, kwa hiyo mtoto huhitaji uloto wa mtu mwingine. Katika ITP, uloto huzalisha chembe sahani zisizo na kasoro, ingawa mara nyingi hazitoshi. Tatizo ni kingamwili, protini za kinga, zinazozinasa na kusababisha zimezwe na seli nyingine za kinga, hasa ndani ya wengu, hadi idadi yake, ambayo kwa mtu mwenye afya huwa kati ya 150,000 na 450,000 kwa mikrolita moja ya damu, ishuke chini ya 100,000 na wakati mwingine chini ya 10,000. Mwaka 1950, huko St. Louis, Marekani, daktari kijana William Harrington alijitia damu ya mgonjwa wa ITP, jambo ambalo sidhani kama kamati yoyote ya maadili ingeliruhusu leo. Baada ya saa chache chembe sahani zake ziliporomoka, naye akapata degedege. Uloto wake ulikuwa mzima. Kilicholeta madhara kilikuwa ndani ya damu aliyopokea.

Ndiyo maana upandikizaji uliojaribiwa kwa ITP sugu hutumia seli shina za mgonjwa mwenyewe. Huvunwa kutoka kwenye damu yake na kugandishwa, kisha mgonjwa hupewa dozi kubwa mno ya saiklofosfamaidi, dawa ambayo hufyeka limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, zinazomshambulia, na seli zake hurudishwa ili uloto uchipue tena. Kwa maneno mengine, kinachotibu ni dawa. Seli shina humvusha mgonjwa salama baada ya dawa hiyo. Katika utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa 14 walitibiwa hivyo: 6 walipata nafuu kamili iliyodumu na 2 nafuu ya sehemu. Si matokeo ya kudharau kwa watu walioshindikana kwa tiba nyingine, lakini gharama yake ni hatari ya maambukizi makali, kutokwa na damu na hata ugumba.

Kuna pia seli shina za mesenkaima, aina nyingine isiyozalisha damu, ambazo watafiti wanazichunguza kwa uwezo wake wa kutuliza kinga. Hizo bado ziko katika majaribio, na anayeziuza kama tiba iliyothibitika anauza asichonacho.

Kwa mdogo wangu, daktari alianza na prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Ikishindwa, zipo dawa kama rituksimabu, inayopunguza baadhi ya limfosaiti, na eltrombopagi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, ambayo huuchochea uloto uzalishe chembe sahani zaidi. Kuondoa wengu nako huleta nafuu ya kudumu kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa. Nilimweleza shangazi kwamba upandikizaji unakuja baada ya hayo yote, naye akaomba nimwandikie majina ya dawa hizo ili awajibu wale wanaomtumia matangazo.