Siku moja Padova, nikifuata deni

Nilikuwa na siku moja tu ya kuiona Padova, mji wa kaskazini mwa Italia. Nasoma Bologna, na treni ya kawaida, ile inayosimama vituo vingi, huchukua kama saa moja na nusu kufika huko. Fedha ya kulala hotelini sikuwa nayo, kwa hiyo ilikuwa ni kuondoka alfajiri na kurudi usiku. Dada mmoja wa Mombasa anayesoma chuo cha Padova aliniasa kwa simu: "Mdogo wangu, ukitaka kuona kila kitu utarudi na uchovu mtupu. Shika jambo moja, ulifuate."

Nikashika deni. Mama yangu ana duka Tanga, na tangu nilipojua kuandika mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia daftari la madeni: nani kachukua unga, nani sukari, nani kalipa nusu. Niliposoma kwamba kikanisa mashuhuri kuliko vyote Padova kilijengwa na mtoto wa mla riba, nilijua pa kuanzia.

Kikanisa cha Scrovegni hakiingiwi hivi hivi. Unaweka nafasi mapema kwenye mtandao, siku na saa, na mkoba unauacha nje. Mnaingia kundi dogo. Kwanza mnakaa robo saa katika chumba cha vioo ambamo hewa husafishwa na kupoozwa, ili unyevu na vumbi la miili yenu visizile picha. Kisha mlango wa pili unafunguka, na mna robo saa nyingine ndani. Basi. Ndiyo maana usiku wa kuamkia safari nilichora kuta zote nne kwenye karatasi na kuandika ni picha ipi nitaitazama na kwa dakika ngapi. Bila karatasi ile ningetoka na rangi tu kichwani.

Hata hivyo dakika ya kwanza iliniponyoka. Dari lote ni buluu, na nyota za dhahabu zimetawanyika juu yake. Mchoraji Giotto alichora humu kati ya mwaka 1303 na 1305, kwenye lipu mbichi: kila siku lilipakwa eneo linaloweza kumalizwa kabla halijakauka, rangi ikanywewa na ukuta. Buluu ndiyo iliyompa taabu, kwa sababu sehemu nyingine ilibidi ipakwe juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Huko imebanduka, na vazi la Mariamu limebaki na mabaka.

Nikaugeukia ukuta wa mlango, kwenye Siku ya Hukumu. Enrico Scrovegni, mwenye kanisa, amepiga magoti akimkabidhi Mariamu jengo lenyewe kwa umbo dogo. Baba yake, Reginaldo, alikuwa mkopeshaji tajiri, na mshairi Dante alimweka motoni katika utenzi wake, mfuko wa fedha ukining'inia shingoni. Wengi huamini kwamba Enrico alijenga ili kulipia dhambi ile ya riba. Mimi naona picha zinaunga mkono, maana Giotto hakumficha tajiri wake chochote. Upande wa jehanamu, chini tu kidogo, wapo wala riba wanaonyongwa kwa kamba za mifuko yao wenyewe. Ni wadogo, na ukitazama kwa haraka utawapita. Kisha nikageuka kuelekea madhabahu. Yuda yuko kule, amekumbatia mfuko wa fedha alizopewa ili amsaliti Yesu, na shetani mweusi amemshika kwa nyuma. Mfuko mbele, mifuko nyuma, na mwenye kanisa alisali katikati yake. Jambo hili sikulisoma popote. Nililiona nikiwa nimesimama pale, na lilinitetemesha.

Dakika mbili za mwisho nilizitoa kwa malaika wanaomlilia Yesu aliyeshushwa msalabani. Hao hawamo katika hesabu ya deni, lakini sijawahi kuona msiba uliochorwa namna ile, kila malaika akilia kivyake angani.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la Eremitani. Tarehe 11 Machi 1944 mabomu ya nchi zilizoungana dhidi ya Wajerumani yaliliangukia, yakaibomoa Kapela ya Ovetari ambayo Andrea Mantegna alianza kuichora akiwa kijana asiyefika miaka 20. Vipande vya lipu viliokotwa na kuhifadhiwa, zaidi ya 80,000. Baadaye wataalamu wa hesabu walitumia kompyuta kulinganisha kila kipande na picha za zamani za nyeusi na nyeupe, ili kujua kilikuwa wapi. Ukuta sasa una viraka vya rangi vinavyoelea juu ya picha ya kijivu. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Mchana nilikula mkate wa mboga nikitembea. Palazzo Bo, jengo la chuo kilichoanza mwaka 1222, nililipitia na kundi la mwongozaji: ukumbi wa mwaka 1594 wa kupasulia maiti, umbo la yai, ngazi sita ambapo wanafunzi walisimama wamebanana, na sanamu ya Elena Cornaro Piscopia, aliyepewa udaktari wa falsafa mwaka 1678, mwanamke wa kwanza kutunukiwa shahada hiyo. Nje, binti aliyehitimu siku hiyo alikuwa amevaa taji la majani kichwani, ndugu zake wakimshangilia. Nilimpongeza, akanishika mkono.

Saa kumi jioni nilipanda Palazzo della Ragione, mahakama ya kale iliyo juu ya soko la nyama na jibini. Ukumbi una urefu wa zaidi ya mita 80, na pembeni kuna jiwe jeusi. Zamani mdaiwa alifungwa mpaka alipe. Mwaka 1231, kwa ombi la Mtakatifu Antonio, mji ulibadili sheria: aliyeshindwa kulipa angevuliwa abaki na nguo za ndani, akalie jiwe hili mara tatu mbele ya watu akitamka kwamba ameacha mali yake yote, kisha auhame mji. Jiwe limelainika.

Nilimpigia mama nikiwa kituoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamsimulia habari za jiwe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huyo aliyekopesha kwa riba, yeye walimkalisha wapi?"

Nikamwambia nilimwona asubuhi, ukutani, karibu na mlango.