Kreatinini 97: jibu moja, figo mbili tofauti

Mama wa miaka 65 na kijana wa kiume wa miaka 30, wote wana kisukari, wanapima damu. Kila mmoja kreatinini yake inasoma mikromoli 97 kwa lita. Ukiiingiza namba hiyo kwenye mlinganyo, kijana anapata eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) ya 93 na mama anapata 56. Kijana figo zake zinachuja kama inavyotakiwa. Mama, hali hiyo ikidumu miezi 3 au zaidi, tayari ana ugonjwa sugu wa figo hatua ya 3a. Kwa hiyo mwenye kisukari akiambiwa tu kwamba kreatinini yake iko sawa, hajajibiwa bado.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Kiasi kinachoonekana kwenye damu kinategemea misuli inazalisha kiasi gani na figo zinaondoa kiasi gani. Maabara haioni misuli yako, ndiyo maana mlinganyo unaikisia kwa umri na jinsia.

Mlinganyo ninaoutumia ni CKD-EPI wa mwaka 2021, ule ulioondoa kigezo cha rangi ya mtu. Ni wa watu wazima, kuanzia miaka 18. Tuchukue mama yetu. Kwanza badili kipimo: 97 gawanya kwa 88.4, unapata miligramu 1.097 kwa desilita. Gawanya tena kwa 0.7 (kwa mwanamume ni 0.9), unapata 1.567. Kwa kuwa imezidi 1, ipandishe kwenye kipeo cha −1.2, inakuwa 0.583. Ingekuwa chini ya 1, kipeo kingekuwa −0.241 kwa mwanamke na −0.302 kwa mwanamume. Kisha chukua 0.9938 uipandishe kwenye kipeo cha umri, yaani 65, upate 0.667. Zidisha 142 kwa 0.583, kwa 0.667, na kwa 1.012 kwa kuwa ni mwanamke. Jibu ni 56, yaani mililita 56 kwa dakika kwa kila mita za mraba 1.73 za eneo la mwili.

Kosa la kizembe kuliko yote, na lenye madhara makubwa, ni la vipimo: mtu anaandika 97 kwenye kikokotoo kinachosubiri miligramu kwa desilita. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba kabla hujaamini jibu.

Hata ukikokotoa sawasawa, hayo bado ni makadirio. Kwa watu wengi jibu huwa ndani ya asilimia 30 juu au chini ya mchujo halisi, na huo si upana mdogo. Kisukari nacho kina mitego yake. Aliyekatwa mguu, au aliyekonda akapoteza misuli, huzalisha kreatinini kidogo, hivyo eGFR inatoka nzuri kuliko figo zilivyo. Upande wa pili, mgonjwa aliyejaa ketoni kwenye damu (kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) anaweza kupewa kreatinini ya juu isiyo ya kweli, kwa sababu mbinu ya Jaffe inayotumiwa na baadhi ya maabara huchanganya ketoni na kreatinini. Nyama iliyopikwa nayo huipandisha kwa saa kadhaa. Ni vizuri kuiacha kwa muda wa saa 12 kabla ya kutoa damu. Trimethoprimu, iliyomo ndani ya dawa ya kotrimoksazoli, huzuia figo kutoa kreatinini bila kupunguza mchujo wenyewe. Na wakati figo zimeumia ghafla, kwa mfano mtu anayeharisha na kutapika, kreatinini bado inapanda kila siku. Mlinganyo hauwezi kutumika mpaka itulie. Wajawazito pia hawakadiriwi kwa njia hii.

Pale misuli inapotia shaka, omba kipimo cha sistatini C, protini nyingine ya kwenye damu inayoondolewa na figo. Haitegemei sana misuli, ingawa steroidi, matatizo ya tezi ya shingo, uvimbe mwilini na unene huivuruga. Mlinganyo unaounganisha kreatinini na sistatini C kwa kawaida hukaribia ukweli kuliko kimoja peke yake.

Kuna jambo linalowapita wengi. Mwanzoni mwa kisukari figo zinaweza kuchuja kupita kiasi. eGFR ya 130 inapendeza machoni, kumbe vichujio vinabeba shinikizo la kuviharibu. Hapo mkojo ndio unaosema. Pima uwiano wa albumini (protini ya damu inayovuja kwenye mkojo figo zikiharibika) na kreatinini, ikiwezekana kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 3 kwa milimoli ni kawaida, 3 hadi 30 imeongezeka, zaidi ya 30 imeongezeka sana. Kijiti cha kawaida cha mkojo hukosa albumini ya kiwango kidogo, kwa hiyo usikitegemee. Homa, mazoezi mazito, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na sukari iliyopanda sana vinaweza kuinua jibu. Linahitajika kuthibitishwa mara 2 kati ya vipimo 3 ndani ya miezi 3 hadi 6.

Kisukari aina ya 2, vipimo vyote viwili vianze siku ugonjwa unapogunduliwa. Aina ya 1, baada ya miaka 5. Halafu angalau mara moja kila mwaka.

eGFR ndiyo inayoamua dawa pia. Metformini haianzishwi ikiwa chini ya 45, kwa anayeitumia tayari dozi hupunguzwa kati ya 30 na 44, na chini ya 30 inasimamishwa. Lakini usitishike eGFR ikishuka kidogo wiki za mwanzo baada ya kuanza enalaprili au losartani (dawa za shinikizo la damu) au dapaglifozini (dawa ya kisukari). Dawa hizo hupunguza shinikizo ndani ya vichujio, na hiyo ndiyo kazi tunayozitaka zifanye. Kwa enalaprili na losartani, kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 kwa kawaida dawa inaendelea huku potasiamu ikipimwa. Ikizidi hapo, tafuta sababu kwanza: upungufu wa maji mwilini, ibuprofeni au diklofenaki zinazomezwa kimyakimya kwa ajili ya maumivu, au mishipa ya damu ya figo iliyobana.