Siku 17 kabla ya Tool

Haya, Idd imeisha jana, pilau imebaki kidogo kwenye friji, na mimi kichwani nina kitu kimoja tu: tarehe 30 Agosti 2019. Tool, ile bendi ya roki ya Marekani, wanatoa albamu. Nimeandika hivyo nikasoma tena mara mbili, maana tumeambiwa sana, mwaka huu, mwaka ujao, wako studio, wanamalizia, mpaka wengine wakachoka wakaenda zao. Ya mwisho ilikuwa 10,000 Days, Mei 2006. Mpwa wangu wa kwanza alizaliwa mwaka huo huo, sahii yuko darasa la saba na kimo amenifikia.

Wakati ule nilikuwa naenda saiba nalipa kwa dakika, wimbo mmoja unashuka nusu saa, halafu naubeba nyumbani kwenye flashi kama dhahabu. Sasa tarehe 2 mwezi huu wameweka albamu zao zote kwenye apu za muziki, jambo walilokataa miaka nenda miaka rudi, na usiku huo nililala saa tisa, albamu yao Lateralus toka mwanzo hadi mwisho.

Halafu Jumatano iliyopita wakaachia wimbo wa kwanza, Fear Inoculum, ndo jina la albamu pia, dakika 10 na sekunde 21. Niliubonyeza kesho yake asubuhi Likoni naingia kwenye feri, watu tumebanana, na punde si punde masikioni nasikia tabla, zile ngoma ndogo za Kihindi. Jamani tabla! Sisi tuliokulia Mombasa na kanda za taarabu za Juma Bhalo zikilia jikoni kwa mama, hiyo sauti tuliijua kabla ya kujua kusoma. Najua mpiga ngoma wao Danny Carey anazitoa kwenye pedi za umeme, hakuna ngozi pale, lakini zinazunguka vile vile, taratibu, gitaa la Adam Jones linavuma kwa mbali halina haraka na mtu, besi ya Justin Chancellor inaingia kama inapapasa njia, na Maynard anakuja kuimba wakati ushasahau kwamba kuna mwimbaji. Feri ikagonga upande wa kisiwani, watu wakakimbilia kupanda kile kilima, mimi nikasimama kando pale mpaka ukaisha.

Wanaosema wimbo ni mrefu nawaelewa ila sikubaliani nao kabisa. Hawa hawakupi kiitikio upesi, wanakuchemsha kwa moto mdogo, ukiruka katikati umejinyima mwenyewe.

Baada ya hao nangoja Opeth, bendi ya roki ya Waswidi, tarehe 27 Septemba, albamu yao ya 13, In Cauda Venenum. Hii inatoka mara mbili, Kiswidi na Kiingereza, na mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt aliianza kwa Kiswidi, lugha ya kwao. Mimi nitaanza na hiyo ya Kiswidi ingawa sijui hata neno. Wimbo waliotoa mwezi uliopita nimeusikiza kwa lugha zote mbili na kwa Kiswidi maneno yanakaa mahali pake, sauti haijikunji. Hata kwetu ni hivyo hivyo, mwimbaji mzuri akijilazimisha Kiingereza unasikia kabisa mdomo uko huku moyo uko kule.

Kwa upande wa elektroniki hakuna tarehe, kuna matumaini tu. Boards of Canada, wale ndugu wawili wa Scotland, kimya tangu Tomorrow's Harvest ya 2013. Lakini mwezi wa sita lebo yao Warp ilikuwa inasherehekea miaka 30 kwenye redio ya NTS, na wao wakaleta miksi ya nyimbo yenye urefu wa saa mbili. Miksi si albamu, sawa, lakini hawa ndo wale ambao 2013 walitangaza albamu kwa namba sita sita zilizofichwa huku na kule, za kwanza zikakutwa kwenye santuri kwenye duka moja New York. Kwa hivyo wakikohoa tu sisi tunatega sikio. Hiyo miksi nimeirudia mara nne, na kila ule ukungu wa sinthesaiza ukitanda naona kama kuna kitu kinakuja.

Tool itaingia saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa na bando nishaweka, lakini sitaigusa. Nimemwambia mpwa wangu akitoka shule jioni aje moja kwa moja kwangu, hedifoni ziko mbili, tuanze wote wimbo wa kwanza.