Wiki ya kwanza darasani, Kunming

Leo Ijumaa nimemaliza wiki yangu ya kwanza ya kufundisha Kiingereza hapa Kunming, kusini magharibi mwa China.

Sauti imekauka, miguu inauma, ila moyo umejaa.

Nina watoto 46, darasa la tatu. Jumatatu nilipoingia walisimama wote kwa pamoja: "Laoshi hao!" Ndiyo shikamoo mwalimu yao hiyo.

Sasa leo asubuhi, katikati ya vipindi, spika ya ukutani ikaanza muziki wa taratibu na sauti inayohesabu. Yi, er, san, si...

Darasa zima likafumba macho. Wakaanza kujikanda kuzunguka macho kwa vidole. Kumbe ni mazoezi ya macho, shule za huku zimekuwa zikiyafanya tangu miaka ya 1960.

Mimi nimesimama tu na chaki mkononi.

Binti wa dawati la mbele akafumbua jicho moja, akaniona. Akanyanyuka kimya kimya, akanishika kidole na kukiweka pale pembeni ya pua, karibu na jicho. Kidole chake kidogo, cha baridi, kina wino wa bluu.

Akarudi kukaa. Akafumba macho.

Nami nikafumba.

Nimempigia mama Tanga kumsimulia. Kule saa sita mchana, huku saa kumi na moja jioni. Akaniuliza, "Amekula huyo mtoto?"

Walimu wenzangu mliofundisha ugenini, nani aliwashika mkono wa kwanza? Nisimulieni, leo nina hamu ya kusoma.